Dawa ya Kuzeesha Mbao

Nimekosa. Naanzia hapo, kwa sababu kila nikijaribu kusimulia habari hii hujikuta naanza na sifa zangu, na sifa hizo ndizo zilizonifikisha hapa. Jina langu silitaji. Ukiwa mtu wa Makambako au wa Kitandililo huenda ukanitambua. Nakuomba unyamaze, angalau mpaka Jumapili ipite.

Mimi si fundi wa kubahatisha. Niliondoka kwetu Kitandililo na shati moja mwilini, nikafanya kazi miaka tisa katika karakana ya reli, nikarudi na sanduku la vyombo, suruali nne za kitambaa kizuri, na diploma ya useremala niliyoisomea kwa posta. Hakuna mjomba aliyenishika mkono! Diploma hiyo niliitia kwenye fremu ya kioo nikaitundika mlangoni pa karakana yangu Makambako, mtu aione kabla hajanisalimu.

Ndiyo maana Bwana mmoja wa Kizungu mwenye shamba la miti ya miwati huko Njombe alinitafuta mimi, si mwingine. Bwana huyo ana reli ya mezani inayojaza chumba kizima. Injini zake ni ndogo kama kiganja, na ina madaraja na vilima vya plasta. Alikuwa ameletewa kwa meli kisanduku cha vipande vya mbao vya kujengea ghala la stesheni, lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka.

"Nasikia una diploma," akaniambia.

"Ninayo, Bwana."

"Basi lijenge, halafu lizeeshe. Nataka lionekane limenyeshewa miaka hamsini."

Sikuwa nimewahi kuzeesha kitu. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo kazi yangu hasa."

Kazi niliifanyia nyumbani kwa mama, kwenye meza ya dirishani, maana karakana yangu ina upepo na vipande vile vilikuwa vyembamba kama njiti za kiberiti. Nilivikwaruza kimoja kimoja kwa kipande cha msumeno mpaka mishipa ya mbao ikajitokeza. Matundu ya misumari niliyatoboa kwa ncha ya sindano. Paa nilililaza kigae baada ya kigae, kisha nikang'oa vitatu na kuvunja ubao mmoja wa ukuta.

Jirani yetu, Mama Tumaini, alikuwa akija kuchungulia.

"Fundi, mbona unatoboa paa uliloezeka mwenyewe?"

"Ndiyo ufundi huo, mama."

"Kumbe Mzungu anataka kibovu! Si angekuja kuchukua banda langu la kuku? Lile limezeeka bila diploma."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa na kikohozi kibaya msimu ule wa baridi. Mama yangu ni mjane, mwimbaji wa kwaya, hajawahi kuonja hata ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Biblia yake ya Kiswahili huisoma bila kukwama.

Rangi ya uzee ndiyo iliyonisumbua. Maji hupinda mbao nyembamba. Nikatumia spiriti, ile kali ya kuyeyushia polishi, nikaichanganya na wino mweusi. Ukiipaka, inakauka mara moja, na ubao mpya unageuka kijivu kama nguzo ya ua wa babu. Nilistaajabu mwenyewe! Spiriti hiyo niliitoa katika karakana ya reli siku niliyoacha kazi, bila kumwomba mtu. Tuseme wazi: niliiiba.

Mchanganyiko niliutia katika chupa safi, nikabandika karatasi. Hapo ndipo nilipokosa! Ningeandika "sumu", neno la herufi nne, mama angelisoma kutoka mlangoni. Lakini mtu mwenye diploma ataandikaje Kiswahili kwenye chupa yake? Nikaandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa za kupendeza: POISON.

Mama akaisogeza chupa kwenye mwanga, akasoma kwa silabi kama alivyofundishwa shule ya misheni.

"Po-i-so-ni. Hii nayo ni nini?"

"Ni dawa, mama. Dawa ya Kizungu."

"Ndiyo inaitwa Poisoni?"

Nikacheka! Nakwambia nilicheka, na nikamjibu, "Ndiyo jina lake. Usiiguse, ni dawa ya thamani sana."

Nilimaanisha dawa ya mbao. Sisi kila kitu ni dawa: dawa ya viatu, dawa ya mchwa, dawa ya kifua. Mama alisikia dawa ya Kizungu, ya thamani, ambayo mwanawe anaificha rafuni wakati yeye anakohoa.

Nikaenda Njombe na ghala langu kwenye sanduku la majani makavu. Nilikaa huko siku mbili nikilipachika kando ya reli, nikitia masizi mlangoni na unga wa kutu kwenye bawaba. Bwana alizunguka meza akipiga makofi. Akawaita wageni wake, akawaambia huyu hapa ndiye fundi. Sijapata kusifiwa namna ile. Asubuhi ya tatu akasema atanirudisha mwenyewe kwa gari lake, aione karakana yangu. Nilikaa mbele, kioo nimekishusha ili watu wa njiani wanione.

Tulipofika Makambako nikamwomba tupitie Kitandililo nimsalimu mama. Mama Tumaini alikuwa amesimama uani, mikono kichwani.

"Afadhali umekuja, Fundi. Mama yako amelewa."

"Nani amelewa?"

"Hata mimi nilikataa! Lakini jana alikuwa anayumba, na leo anatapika. Namuuliza ulanzi ameutoa wapi, ananiambia tumbo, tumbo."

Nikaingia. Mama alikuwa ameketi kitandani akilitazama dirisha, na jua la saa nne lilikuwa linampiga usoni. Hakupepesa macho.

"Nani huyo? Funga mlango, mwanangu, ukungu umeingia mpaka ndani."

"Mama, nje ni jua kali."

"Jua?" Akanyoosha mkono hewani, akapapasa pembeni yangu. "Basi mbona sikuoni?"

Kwetu ukungu ni kitu cha kila siku, lakini neno lile lilinipita mgongoni kama maji ya barafu. Nikatazama rafu. Chupa ilikuwa imepungua zaidi ya nusu, na kando yake kulikuwa na kikombe na sukari. Alikuwa anakunywa kwa vipimo, kidogo asubuhi na kidogo jioni, kama dawa!

Unajua nilifanya nini? Niliichukua ile chupa nikaitia mfukoni mwa koti. Mama yangu anapofuka mbele yangu, na mimi naficha chupa!

Bwana alituendesha, pamoja na Mama Tumaini, mpaka hospitali ya misheni, Ilembula, bila kuuliza gharama wala chochote. Njiani mama aliacha kunijibu. Nilishika kifundo cha mkono wake nikihesabu mapigo, nikipotea, nikianza tena. Kila gari lilipodunda, chupa iligonga ubavu wangu.

Daktari alimfungua macho, akauliza, "Mama huyu amekunywa nini?"

Bwana alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia mkononi. Nikaona kila kitu kwa mara moja: spiriti ya wizi, polisi, jela, diploma yangu ikishushwa mlangoni, na Bwana akiwaambia wageni wake kwamba fundi wake ni mwizi aliyemlisha mama yake sumu.

Nikasema, "Sijui, Daktari. Labda dawa za miti shamba. Unawajua wazee wetu."

"Una hakika?"

"Wazee hawa hawaambiliki, Daktari."

Wakamshughulikia kama mtu aliyekunywa miti shamba. Nilikaa kwenye benchi la nje na Mama Tumaini, aliyekuwa akiomba kwa Kibena. Ningeweza kusimama wakati wowote. Mlango ulikuwa hatua sita kutoka nilipokaa. Nilijiambia, nitasema muuguzi akitoka. Muuguzi akatoka, nikamsalimu! Nikajiambia, nitasema akirudi. Akarudi, nikatazama viatu vyangu. Jua lilitoka upande mmoja wa benchi likaenda upande wa pili.

Kisha mama akazinduka, nikaitwa ndani. Bwana naye akaingia. Daktari aliinama sikioni kwa mama, akamuuliza swali lilelile.

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Nimekunywa dawa ya mwanangu. Alinikataza, nikaiiba. Nisamehe, mwanangu."

"Dawa gani, mama?"

"Ya Kizungu. Inaitwa Poisoni."

Daktari aliinuka polepole. Alinitazama mimi, Bwana akanitazama mimi. Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe, nikamkabidhi chupa. Alinusa mara moja tu, akaanza kuita watu kwa ukali ambao sijausikia hata kwenye karakana ya reli.

Mama aliishi. Macho hayakurudi. Siku tuliyoruhusiwa, daktari aliniita kando.

"Macho nisingeweza kukuahidi," akasema. "Lakini ungesema ulipofika, ningekuwa na la kujaribu."

Hakunipeleka polisi. Wala Bwana hakunipeleka. Alinirudishia kofia niliyoisahau garini, basi, na hajanitafuta tena. Ningependa angenitukana.

Sasa sikiliza kinachonifanya niandike. Mama hakusikia maneno yangu ya asubuhi ile, alikuwa amezimia. Anachojua ni kwamba mwanawe alifika na gari akamwahisha hospitali. Anamwambia kila anayekuja kumpa pole, "Bila huyu ningekuwa kaburini." Mama Tumaini, aliyeketi nami kwenye lile benchi na sasa anajua nilichoficha, humwinamia akimwitikia, kisha hunitazama mimi. Mpaka leo hajasema neno.

Jumapili hii mama anatoa sadaka ya shukrani kanisani. Ameshamwambia mchungaji kwamba atasimama mbele ya watu anitaje. Na kwa kuwa haoni njia, mimi ndiye nitakayemshika mkono kumpeleka mbele. Nimeshikwa na homa mara mbili wiki hii nikiiwaza ile njia ya katikati ya mabenchi!

Ndugu yangu unayesoma, kama una chupa ya sumu nyumbani, iandike kwa lugha anayoisoma mama yako, hata kama una diploma kumi. Na ukiulizwa hospitali mgonjwa amekunywa nini, jibu kabla swali halijaisha, hata kama jibu lenyewe litakufunga jela. Jela ina siku ya kutoka.

Mama amenituma nikampigie pasi kitenge cha Jumapili. Ameuliza kama nimeshakipiga pasi. Nimemwambia bado.