Garanti ya Tonton Ramazani

Nikuambie kwanza kwamba mimi sinywi pombe. Siku ile sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na jua lilikuwa halijazama. Mvua tu ndiyo iliyolifunika. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mahali utakapotaka kunikatiza. Wengi hunikatiza palepale. Nivumilie nifike mwisho, kisha uniite mwongo ukipenda. Ila ujue kwamba si mimi peke yangu niliyeona.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika sekondari moja hapa Kisangani. Miaka mingi nilienda kazini kwa toleka, zile baiskeli zetu za kupakia watu, nikifika darasani na matope hadi magotini. Mtoto wetu Nuru alipozaliwa, mke wangu Aziza akasema sasa basi, tutafute gari. Akanipeleka kwa mjomba wake, tonton Ramazani, mfanyabiashara wa ukoo wa zamani hapa mjini, mtu mnene, mcheshi, mwenye kanzu safi hata siku ya vumbi. Alikuwa na jeep ndogo nyeupe, ya mitumba. Nikaiendesha kidogo uani kwake, nikaipenda. Tonton akanishika mkono mbele ya Aziza.

"Bokilo," aliniambia, yaani mkwe wangu, "nakupa garanti miezi tatu. Kitu yote ikilia mule ndani, leta. Iko gari ya famille, siwezi kukudanganya."

Haikupita muda, ikalia.

Ilikuwa kwenye boite, ile ambayo wengine huiita giaboksi. Au ndivyo nilivyodhani. Nikiingiza vitesi ya pili, yaani gia ya pili, hasa gurudumu likianguka kwenye shimo, na unajua mashimo ya mji wetu, ulitoka mlio wa chini, mrefu, kisha ukafifia taratibu. Nimewahi kusikia chuma kikisaga chuma. Huu haukuwa hivyo. Ulikuwa mzito, kama kitu kinachosukumwa kisichotaka kusogea.

Nikarudi kwa tonton. Alikubali mara moja tuizungushe jeep pamoja, na kwa kuwa yeye ni mtu wa heshima zake, aliketi nyuma kama waziri. Tukapita barabara mbovu kuliko zote. Vitesi ya pili, ya tatu, tena ya pili. Kimya. Injini inaimba vizuri kabisa.

Tonton akacheka mpaka kiti kikatikisika. "Mwalimu, boite haina kitu. Ni masikio yako njo inalia."

Nilipomshusha kwake nikaondoka peke yangu. Sikufika hata mwisho wa mtaa. Mlio ukarudi.

Nikampelekea fundi Dieudonné, ambaye hutengeneza magari karibu na shule yetu. Yeye aliendesha peke yake, akausikia, akarudi amekunja uso. Alifungua boite, akamwaga mafuta, akayapitisha kwenye kitambaa akitafuta chembe za chuma, akakagua meno ya kila gia. Hakuona chochote. "Prof, hii boite iko kama mupya," alisema. Akaifunga. Jioni ile ile ikalia tena. Nikarudi kwa tonton, akanituma tena kwa fundi. Fundi akanirudisha kwa tonton. Garanti ikawa inakwenda hivyo, mimi katikati kama mpira.

Kisha ikatokea siku Aziza alipoketi mbele. Kwa kawaida alikaa nyuma na Nuru. Siku hiyo mtoto alibaki kwa jirani, tukaenda sokoni wawili tu. Nilipoingiza vitesi ya pili mlio ukatoka, na Aziza, ambaye wiki zote alikuwa akiniona mtu wa kulalamika bure, akanikamata mkono kwa nguvu.

"Baba Nuru, simamisha. Iko mutu nyuma."

Nilisimamisha. Tuligeuka wote. Kiti kilikuwa kitupu. Aziza alishuka, akaenda sokoni kwa miguu, na tangu hapo hakukanyaga tena ndani ya jeep ile. Usiku alilia. Aliniambia nimrudishie tonton gari lake. Nikamwambia tonton hataki, anasema halina ubovu. Tukagombana kwa sababu ya mjomba wake, sisi ambao hatukuwa watu wa kugombana.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Mama mkwe wangu alipata msiba huko Bafwasende. Hakuwa na habari ya mambo ya jeep, na mimi nitamkataliaje mama wa mke wangu siku ya msiba? Nikampeleka. Aliketi nyuma na vifurushi vyake, na njia nzima, matope, madaraja ya miti, gari halikutoa hata kikohozi. Nikamwacha na ndugu zake kwenye matanga. Siku iliyofuata, alfajiri, nikaanza kurudi. Shule ilikuwa ikiningoja.

Nilirudi peke yangu.

Mlio ulianza nilipotoka tu mjini Bafwasende. Safari hii haukungoja vitesi ya pili. Kila shimo, mlio. Kila kilima, mlio, mrefu zaidi, na mara nyingine ulikatika katikati kama uliokosa pumzi. Niliwasha redio, ikakosa mawimbi. Nikaimba. Unacheka? Ungekuwa wewe ungeimba pia.

Mchana mvua ikashuka, ile ya msituni, inayokufanya uendeshe ukiwa umebandika pua kwenye kioo. Nilikuwa nimeshapita vijiji vingi na Kisangani haikuwa mbali sana tena. Nikaingia kwenye bonde moja lenye matope mekundu, magurudumu yakateleza, nikakanyaga mafuta, jeep ikapanda ikatoka. Nilipofika juu nikatambua kwamba kumekuwa kimya. Mlio umekwisha. Nikashusha pumzi, nikamshukuru Mungu, nikainua macho kwenye kioo cha ndani.

Kulikuwa na mwanamume kwenye kiti cha nyuma.

Alikuwa mwembamba, wa umri wangu hivi, shati lake limelowa limegandamana na mbavu. Kichwa amekiegemeza dirishani. Niamini, sikupiga kelele. Nilitaka kukanyaga breki, ndipo akasema, polepole, bila kunitazama:

"Usisimame, papa. Nakuomba. Ukisimama hapa, tutabakia."

Sijui kwa nini nilimtii. Labda ni kwa vile aliomba. Mtu anayetaka kukudhuru hukuomba? Niliendelea kuendesha, mikono imeganda kwenye usukani. Harufu ya matope ilijaa ndani.

"Unaenda wapi?" nilimwuliza mwishowe. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kabondo. Nyuma ya musikiti mudogo. Kwa mama Salima." Akapumzika kidogo. "Ye anajua naenda Bafwasende kuchimba dhahabu. Hajue kama niko narudi."

"Wewe ni nani?"

"Idi."

Baada ya hapo hakusema tena. Nilisoma dua zote nilizofundishwa utotoni, na zile za majirani zetu Wakristo pia.

Tulipofika kwenye kizuizi cha kuingia mjini, nilifurahi kuona watu kama mtu aliyefufuka. Nilijua nikitazama nyuma kiti kitakuwa kitupu, nami nitajiambia ni uchovu. Askari akaja amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Akaomba karatasi za gari, akazitazama, akainama kuchungulia ndani.

"Papa wa nyuma iko mugonjwa?"

Unasikia? Yeye ndiye aliyeuliza. Mimi nilikuwa sijafungua kinywa.

"Ndiyo," nilimjibu.

"Bon, pita haraka. Umufikishe."

Akainua kamba. Nikapita.

Barabara za Kabondo nilizipita sijui vipi. Nikauona msikiti mdogo, nikazunguka nyuma yake, nikasimama. Sikusikia mlango ukifunguliwa. Nilipogeuka hapakuwa na mtu, ila kiti kilikuwa kimelowa maji, na maji yale yalikuwa mekundu kwa matope.

Ningeweza kwenda zangu nyumbani. Wewe ungefanya nini? Nilishuka, mvua inaninyeshea, nikamwuliza msichana aliyekuwa akikinga maji ya bati wapi ni kwa mama Salima. Akanionyesha mlango uliokuwa mbele yangu.

Mama Salima alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imejaa unga wa muhogo. Nilikuwa sijapanga maneno. Nilimwambia tu, "Mama, nimemleta Idi," kisha nikaanza kulia kama mtoto. Aliniketisha. Nikamweleza yote, kuanzia mlio hadi kiti. Hakunikatiza. Alisema mume wake Idi aliondoka mwaka uliopita kwenda machimboni, alikuwa na kifua kibaya, simu yake ikakatika na hakuna aliyewahi kumletea habari. Akanitazama usoni.

"Alikuwa anakohoa?"

"Hapana, mama. Hakukohoa hata kidogo."

Akaifuta mikono yake taratibu kwenye kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni. "Basi amekufa kweli," alisema. "Idi ya kweli asingeweza kunyamaza hivyo."

Jioni hiyo nilienda kwa tonton Ramazani, na Aziza akaja nami. Tulimkuta barazani na chai yake. Nilimtajia jina moja tu, Idi, naye akakiweka kikombe chini kabla hajanywa.

Alisema yote. Jeep ile aliletewa na dereva aliyekuwa akipakia abiria njia ya Bafwasende. Dereva alimpakia mgonjwa wa machimboni aitwaye Idi, jina alilomtajia tonton baadaye, apelekwe hospitali Kisangani. Bondeni kwenye matope boite ikavunjika. Walikaa pale mvua ikinyesha, wawili tu, na mgonjwa akalia kwa maumivu mpaka nguvu zikamwishia, akafa kwenye kiti cha nyuma. Dereva akaogopa polisi, akaogopa na familia. Akawaachia maiti wanakijiji bila kuwatajia jina, akatafuta lori la kuivuta jeep hadi mjini, akamwuzia tonton, akatoweka.

"Na wewe ukatuuzia sisi," Aziza alisema. "Nikae mule na mutoto."

"Niliosha gari, mwanangu. Niliitia boite ingine kabisa. Ile iliyovunjika niliitoa, nikaitupa." Akanigeukia mimi. "Bokilo, boite njo nilikupea garanti, na boite haina kitu. Fundi si alikuambia?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa wiki zote zile nilikuwa nikimwaga mafuta na kukagua gia, nikitafuta ubovu. Kumbe nilikuwa namsikia mgonjwa akiumia kila gari linapoingia shimoni. Mtu akiketi karibu naye, alinyamaza. Tukimwacha peke yake, alilia. Wagonjwa wote si wako hivyo?

Ijumaa iliyofuata tulikwenda kule bondeni: mimi, mama Salima, imamu wa msikiti ule mdogo, na tonton Ramazani, ambaye Aziza alimwambia asipokwenda asimwite tena mwana. Alikaa nyuma, na safari hii hakucheka. Juu ya bonde, wanakijiji walituonyesha kaburi pembeni ya shamba la mihogo. Walikuwa wamemzika wenyewe, bila kujua jina, wakaweka mawe wanyama wasifukue. Imamu akasali. Mama Salima akapiga magoti, akakaa palepale muda mrefu akiongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mwenzake habari za nyumbani. Sisi tulisogea kando.

Gari halijalia tena tangu siku hiyo. Tonton alitaka kulichukua na kunipa jingine, akisema ndiyo garanti yenyewe. Nilikataa, sikutaka alioshe tena amwuzie mtu mwingine. Nimejaribu kuliuza mimi mwenyewe, lakini kila mnunuzi namweleza kisa chote, naye ananiaga kwa adabu. Aziza na mjomba wake siku hizi wanasalimiana misibani tu.

Na mimi? Mimi siwezi tena kuwapa watu mgongo. Nikiandika hesabu ubaoni, nageuka kila mara, nahesabu vichwa. Wanafunzi wanafikiri nawavizia wanaonakili. Mvua ikianza kugonga bati la shule, nawaambia wafunge vitabu, kwa maana siwezi kuendelea. Yule dereva hakupatikana. Yuko barabarani mahali fulani, na gari lingine, anapakia watu.

Basi nakusihi. Kama wewe ni dereva na mtu amekufia njiani, mpeleke kwao, hata kama utalala gerezani. Na kama unanunua gari lililotumika, nenda na fundi, afungue boite, asikilize injini, vizuri sana. Akimaliza, mtazame mwenye kuuza machoni, umwulize mtu wa mwisho aliyepanda humo alikuwa nani, na kama alifika. Akisita kujibu, mrudishie ufunguo wake.