Mguu wa Kwenda Peku

Siku yangu ya kwanza kazini nilijitia plasta kwenye nywele, kwenye nyusi, na tone moja likaingia kwenye chai ya Mkuu wa Karakana. Nilikuwa binti wa Bagamoyo niliyetoka chuoni na cheti cha kutengeneza viungo bandia, nina haraka ya kuisimamisha dunia nzima wima. Mkuu alikisogeza kikombe chake pembeni, akaniambia, "Rehema, usije kwangu kunisifia mguu. Njoo uniambie umemfikisha mtu wapi."

Kazi yenyewe ilikuwa tamu. Tulikizungushia kigutu, ile sehemu ya mguu iliyobaki, bandeji za plasta ili tupate umbo lake. Juu ya umbo hilo tulivuta plastiki iliyotoka kwenye oveni, laini kama donge la chapati, nayo ilipopoa ikawa soketi ya kuingizia kigutu. Chini yake tukafunga bomba na wayo wa mpira. Mwisho ulikuwa kulinganisha: kuuweka wayo kwenye pembe yake kwa spana, kidogo kidogo, mpaka mtu asimame bila kushika kitu. Hapo moyo ulinienda mbio kila mara, hata nywele zilipokwisha kuwa nyeupe.

Bi Zamda, mjane mkulima wa Mkange, alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Kwetu karakanani alitembea na viatu vyake vipya kwa madaha kama bibi harusi. Mwezi haukuisha tukasikia anaanguka ovyo nyumbani, mguu ameutundika msumarini, na mwanawe Shabani anamhamishia kwake Dar es Salaam. Mwenyewe hakutaka. Shamba lake, kuku wake, kaburi la mumewe, vyote viko Mkange. Mkuu akanitafutia gari, akasema niwahi.

Nilimkuta Shabani anafunga godoro la mama yake kwa kamba. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia, nikampa Bi Zamda shikamoo.

"Marahaba, fundi. Huu mguu wako unajipendekeza huko kwenu tu. Kwangu unaniangusha."

Nilimwomba auvae, atoke uani, arudi ndani. Alikuja vizuri. Kizingitini akavua viatu, kama afanyavyo yeyote mwenye adabu mbele ya mkeka, akapiga hatua moja, akaenda kinyumenyume. Nikamdaka.

Nikaitazama miguu yangu: peku. Mafundi wote tulikuwa tunavua viatu msikitini, nyumbani na kwa majirani, halafu mama wa watu tukamlinganishia mguu akiwa amevaa viatu vyenye kisigino. Kisigino kikiondoka, mguu wote unalala nyuma na kumvuta.

Nilikaa sakafuni na spana. Nikalegeza boliti ya kifundo, nikainua vidole vya mpira kidogo, nikakaza. Bado. Nikainua tena. Mara ya tatu Bi Zamda alivuka mkeka, akatoka uani, akarudi amebeba sufuria ya wali kwa mikono miwili. Akaiweka chini bila kumwaga.

"Shabani, baba, lifungue godoro langu."

"Na ukianguka tena, mama?"

"Nitainuka. Kwani ninyi wenye miwili hamwanguki?"

Shabani alicheka mpaka akashindwa kufungua fundo. Nikamwagiza mama yake avae malapa bapa akienda shambani.

Sasa nimestaafu. Vijana wa karakana wananionyesha simu inayopiga picha kigutu pande zote, na mashine inayotoa soketi bila tone la plasta. Nawaonea wivu, sifichi. Nawauliza tu kama wamekwenda kwa mwenye mguu, wakavua viatu, wakaingia.

Miaka kadhaa baada ya siku ile ya Mkange, nikiwa bado kazini, Bi Zamda alikuja Bagamoyo kwa basi, peke yake. "Fundi, mguu umechakaa kabla yangu," alisema. Niliupindua wayo. Mpira ulikuwa umelika kisiginoni na vidoleni, udongo wa shamba umejaa kwenye nyufa: kumbe hata shambani alikwenda peku. Niliupitisha kwa kila fundi karakanani aushike, aone umemfikisha mtu wapi.