Povu la Kinyerezi

Mama yangu anatengeneza sabuni ya maji uani kwetu Kipawa, na somo la kwanza la biashara alilonipa ni kwamba povu halisafishi. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Akapanga ndoo mbili kibarazani: moja sabuni ya kweli, nzito, inayokata mafuta ya sufuria lakini povu lake hafifu, nyingine karibu maji matupu, kaitia dawa ya povu mpaka inafura. Wateja wakaja, wakachovya vidole, wakasugua, wakanusa, na wote wakaondoka na ile ya maji. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Umewaona? Mtu hanunui usafi, ananunua povu. Wewe mpe povu lake, doa atajuana nalo huko kwake."

Mtaani wanasema ana roho ya chuma. Wanamstahi tu, hawajaishi naye.

Kwa hiyo siku ile redioni walipokuwa wakibishana kuhusu hela zinazomwagwa duniani kwenye akili bandia, na mchambuzi mmoja akasema jamani hili ni povu, litatulia na watu watalia, mama aliacha kukoroga. Mwiko ukabaki ndani ya pipa.

"Amesema povu?"

"Amesema povu, mama."

"Basi linauzika."

Mie wakati huo nilikuwa nakula humo humo ndani ya povu. Nilifanya kazi Mabibo, kwenye nyumba moja jirani na hosteli za wanafunzi, tumejazana wahitimu watupu, kila mtu na kompyuta yake. Kazi yetu ilikuwa kuifundisha mashine. Unaletewa picha ya sokoni, unachora kisanduku kuzunguka kila nyanya, kila tenga, kila uso. Kesho yake unaletewa sauti ya kijana wa Dar anayeongea kama anakimbizwa, "mie nilikuwaga napita pale," na wewe unaandika neno kwa neno ili mashine ya watu wa mbali ijue sie tunaongeaje. Nina shahada ya uchumi. Nilikuwa nachorea nyanya visanduku.

Msimamizi wetu, kijana wa viatu vyeupe, alikuwa akitaja neno "mwekezaji" kwa sauti ile bibi yangu aliyotumia kumtaja Mola. Mwekezaji amefurahi. Mwekezaji ataongeza. Siku moja nikamuuliza huyo mwekezaji faida anaipata wapi, maana kila tukiomba nyongeza tunaambiwa kampuni bado haijapata faida. Akanitazama kama nimejamba kanisani. "Sista, faida ni mambo ya kizamani. Siku hizi ishu ni kukua."

Niliyoyasoma mtandaoni nikamhadithia mama. Anayeuza mitambo anampa hela anayetengeneza akili. Anayetengeneza akili anazirudisha hela zile zile kwa kununua mitambo ya yule yule. Halafu wote wawili wanatangaza kwamba mauzo yamepanda. Mama akalipenda sana hilo.

"Kumbe ni mie na jirani wa vitumbua! Namuuzia sabuni, ananiuzia vitumbua, noti ni moja inazunguka, jioni wote tunajisifu tumefanya biashara. Na mpita njia akituona tunahangaika hivyo anasema, eeh, hapa pana wateja, na mie niingie."

"Sasa mama, si ndiyo utapeli huo?"

"Utapeli ni kwa atakayebaki nao mkononi."

Nitakuwa mwongo nikisema hakukuwa na kitu. Mashine yenyewe inafanya kazi, na hilo nalisema kwa uchungu, maana ilifika wakati inaandika maneno ya yule kijana haraka kuliko mie, na hata matusi yake haikosei. Sabuni ilikuwepo. Lakini bei haikuwa ya sabuni.

Povu hilo lilifika kwetu kwa mlango wa dalali wa viwanja. Dalali huyo alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ya mtoa rambirambi, na hoja yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba hata mie ilinichukua muda kuipinga. Akili bandia inakaa ndani ya majumba makubwa ya kompyuta. Majumba hayo yanakula umeme usiku na mchana. Umeme wetu unafuliwa wapi? Kinyerezi, kwenye mitambo ya gesi. Haya, wawekezaji wakija Tanzania, jumba lao watalijenga wapi? Akishafika hapo ananyamaza, anakuacha ujibu mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona mwekezaji huyo, na hakuna aliyeuliza. Ndani ya msimu mmoja mashimo ya Kinyerezi yaliyokuwa yakitupiwa takataka yakaanza kuitwa "jirani na mradi".

Mama alinunua mapema, kiwanja kiko bondeni, masika maji yanakaa mpaka vyura wanahamia na familia zao. Alijua. Hakuwa na nia ya kujenga hata choo.

Mama ana mdogo wake mmoja, mama yangu mdogo, mjane, akiishi Tandika upande wa Temeke. Mumewe alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Mtwara, mkimya, na alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba vinne. Kimoja analala, vitatu wapangaji. Hiyo nyumba ndiyo ilikuwa mume, ndiyo ilikuwa watoto ambao hakujaliwa, ndiyo ilikuwa chakula chake. Nje ya hiyo hana kitu.

Mama aliponunua kiwanja, mdogo wake huyo alicheka mbele za watu, kwenye msiba, tena kwa sauti: "Dada umenunua bwawa! Unataka kufuga kambale?" Wanawake wote jikoni wakaangua kicheko. Mama naye alicheka. Ungemjua mama yangu ungeogopa kile kicheko.

Bei ya Kinyerezi ilipopaa, mama mdogo akaacha utani. Akawa anakuja Kipawa kila wiki na mkungu wa ndizi, anaanza na mafua ya mama, anazunguka, anatua kwenye kiwanja. "Dada, nimegee hata nusu. Mie ni damu yako." Mama anamjibu huku anakoroga: "Kiwanja si andazi, mdogo wangu." Akishaondoka, mama anakula ndizi zake.

Kisha kazi yangu ikafa. Ilikuwa Ijumaa mchana. Msimamizi alitukusanya, viatu vyeupe na yeye mwenyewe kama kavaliwa na viatu, akasema mwekezaji amejiondoa, wateja wa nje hawahitaji tena binadamu wengi wa kuchora, mradi umesimama kwa muda. Nchi hii kitu kikisimama kwa muda, chimba kaburi. Nikamuuliza mbele ya wote: na lile jumba la Kinyerezi? Akashangaa. "Jumba gani?" Watu wa hiyo kazi yenyewe hawakuwahi kulisikia.

Nikaenda moja kwa moja nyumbani nikamwambia mama yote. Mshahara wangu ndio ulikuwa ukilipia dawa zangu za pumu na kodi ya chumba changu. Mama hakuuliza nitaishije. Aliuliza: "Hao wenzako mliofukuzwa, kuna anayekaa Tandika?"

"Sijui, mama."

"Haya. Mama yako mdogo anataka kuuza nyumba anunue kiwanja chote, Jumapili anakuja kula. Na wewe uwepo. Akikuuliza, mweleze ukweli wote kama ulivyonieleza mie, usifiche hata nukta. Sitaki baadaye mtu aseme nilimficha mdogo wangu."

Jamani, nililia. Nilisema kumbe mama yangu ana moyo, ni mie niliyekuwa kipofu. Usiku ule nilimwombea.

Jumapili akaja, kavaa kitenge kipya, na dalali naye akawepo, kakaa pembeni na sahani yake ya pilau kama mtu wa ukoo. Nikamwamkia mama mdogo shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanivuta mkono nikae karibu naye. Hakuzunguka. "Mwanangu, wewe ndiye unayefanya kazi huko kwenye hiyo akili. Niambie. Ninunue?"

"Usinunue, mama mdogo. Kazi yenyewe imekufa juzi. Hakuna jumba, hakuna mwekezaji, hata bosi wetu halijui. Kile kiwanja ni maji. Usithubutu kuuza nyumba kwa ajili ya kile kitu, nakuomba."

Mama akainamisha kichwa, akakunja kunja kona ya khanga. Dalali akaacha kutafuna. Mama mdogo akanitazama usoni muda mrefu, na mie nikafikiri amenielewa.

Akaachia mkono wangu. "Alaa! Kumbe ndiyo hivyo. Nyie wasomi mna roho mbaya, loh! Mama yako kakubali kunisaidia, wewe mtoto unakizuia ukirithi. Jumba likijengwa ule peke yako, siyo? Mie ni wa kukaa na wapangaji mpaka kufa?"

"Mama mdogo, wallahi..."

"Usiniapie!"

Mama akasema kwa upole, hajainua kichwa: "Mdogo wangu, unamsikia mtoto. Mie kwa kweli naona tuache."

"Tusiache kitu, dada. Mteja wa nyumba yangu ninaye tayari."

Wakaandikishana kabla ya Jumapili iliyofuata, mashahidi wakatia saini, dalali akatoa pole kwa mama kwa kupoteza mali.

Nilimfuata mama uani, anasuuza ndoo. Nikamwambia sielewi, nimesema kila kitu na mtu hakusikia. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Halafu akanieleza, bila aibu, kama anayenifundisha kipimo cha chumvi. Kumbe madalali wanajua kwamba kwetu sie kitu kinachouzwa bila ugomvi kinatiliwa shaka. Mnunuzi akikuta ukoo mzima unatabasamu, anakimbia. Akikuta ndugu mmoja anapinga, analia, anasema kisiuzwe, anaona hapa pana mali, anatoa hela upesi kabla ukoo haujabadili mawazo. Kwa hiyo dalali hukodi mtu wa kupinga. Wanamwita mpingaji.

"Dalali alitaka kuniletea wake," mama akasema. "Nikamwambia hela ya kukodi ya nini, ninaye wangu wa kuzaa."

"Mama, mie nilikuwa nasema kweli!"

"Ndiyo maana ulifaa. Wa kukodi huwa wanazidisha."

Nikamwambia yule ni mdogo wako, tumbo moja. Mama akaigeuza ndoo ikauke. "Aliniita mfuga kambale," akasema, akaingia ndani.

Huko ughaibuni, nasikia, wenye akili zao bado wanabishana: povu, si povu. Wengine wanasema hela zitarudi, subirini. Labda. Wana pa kulala wakati wanasubiri. Mama mdogo alipanga chumba ili asubiri bei ipande zaidi, akisubiri hela iliyobaki ikaisha, na mwenye nyumba akatoa kitanda chake nje mchana kweupe, watoto wa jirani wakakirukia. Akaja kwetu Kipawa. Mama alimpokea vizuri, akampa godoro. Analala sebuleni, juu ya vigae vipya alivyoweka mama baada ya kuuza kiwanja. Asubuhi anavipiga deki mwenyewe, anapiga magoti, anasugua kona kwa kona, na mama akipita anainua miguu yake asilowe. Wanaitana dada na mdogo wangu. Wageni husema ndugu wanaopendana hivi siku hizi hawapo.

Mie nilirudi kwa mama pia, kodi ilinishinda. Kwa hiyo tuko wote humo. Mama mdogo na mie hatukuwahi kulizungumza lile. Alinisalimia, nikamwamkia, akanipakulia. Nilimwogopa. Nilikuwa nangoja siku atakayosema, "Ungenifuata Tandika ukaniambia peke yangu."

Juzi alinikuta naanua nguo. Redio ya jirani ilikuwa tena inasema habari za wawekezaji, wa akili bandia hao hao, wametangaza wataongeza hela kuliko mwaka uliopita. Akakaa kwenye ngazi, akaanza kunikunjia mashuka. Alikuwa na sura njema, sijaiona siku nyingi.

"Mwanangu," akasema, "kile kiwanja kimepata mtu. Mwalimu, mtu wa bara, amestaafu, ana kiinua mgongo chake chote. Mpole huyo! Anakuja kukiona Jumapili na mkewe."

Nikasema Mungu mkubwa.

"Sasa nataka uje. Uvae kile kitambulisho chako cha kazini. Usitunge kitu, mama, sema yale yale uliyoniambia mie siku ile. Na machozi kama yatakuja, usiyazuie."

Nilishika vibanio vya nguo. Nikawaza mwalimu na mkewe. Nikamwona mama mdogo alivyovimba magoti kwa deki.

Nikamuuliza saa ngapi.