Chonga Niliyempeleka Kikaoni

Nilipokuwa mtoto huko Ganda, kwetu ilikuwa mwiko kuchoma mnazi uliokufa. Bibi alishikilia kwamba moto huo ungemfuata mtu wa nyumbani. Basi magogo yalilala palepale yalipoanguka, yakaoza, nasi watoto tukachimbua humo mabuu wanene, weupe, tukawatupia kuku.

Mwaka mmoja minazi ya baba ilianza kufa mfululizo. Makuti machanga yalichipuka yamekatwakatwa kama kwa mkasi, kisha kilele kizima kikanyauka. Shangazi Sidi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amefiwa na mumewe na kurudi kwetu miezi michache tu kabla. Ukoo ukajumlisha, ukapata mchawi.

Siku ya kikao cha ukoo nilijipenyeza katikati ya wazee nikiwa na chonga mkononi, yule mdudu mweusi mwenye pembe. Nilikuwa nimemtoa kwenye shimo la mnazi ulioanguka asubuhi ile.

"Baba, huyu ndiye anayekula minazi. Wale mabuu wa kwenye magogo ni watoto wake."

Baba alimtazama mdudu, kisha akamtazama dadake. "Na nani anayemtuma?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuja kumtetea shangazi, kumbe nimewaletea ushahidi.

"Kahindi," shangazi alimwambia baba, "minazi hii tumeipanda mimi nawe. Niiue nile nini?"

Kabla ya adhuhuri alikuwa amefunga nguo zake kwenye leso, akaenda kupanga chumba mjini, mtaa wa Barani.

Minazi haikuacha kufa. Wakasema uchawi wake unafika mbali. Baadaye akaja afisa wa kilimo, akapasua magogo, akatuonyesha mabuu, akataka yachomwe yote. Yalichomwa siku hiyohiyo bila ubishi, maana msemaji alivaa viatu vya ngozi. Kwenda Barani kumwomba shangazi radhi, hakwenda mtu. Alifia kulekule.

Siku hizi baba ni mzee, kichwa chote mvi, na vijana wa ukoo wanaolitaka shamba wameanza kunong'ona kwamba mvi zile ni za mchawi. Juzi aliniomba nimnunulie piko, ile rangi nyeusi ya kuficha mvi. Nilimpaka mwenyewe, taratibu, naye ameniinamishia kichwa. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo inanichoma, kwa sababu Shangazi Sidi hakuipata hata robo yake.