Fulana ya Mwanamke Aliyenipa Mgongo

Kiwanda cha nguo nilichokuwa nachorea michoro ya vitenge kilifungwa kikisubiri mnunuzi, nami nikapata kazi kwa mama mmoja wa Kichaga aliyekuwa na karakana ya kuchapa fulana nyuma ya soko kuu, Arusha. Fulana zake ziliuzwa kwenye maduka ya watalii. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila mtu anauza kitu. Mke wangu naye alianza kwenda Namanga, mpakani, kuchukua nguo za kuuza mtaani kwetu. Mwanzoni alikuwa analala huko usiku mmoja. Baadaye akawa anakaa wiki nzima.

Asubuhi moja ya masika nilimsindikiza stendi kama kawaida. Mlima Meru ulikuwa hauonekani kwa ukungu. Nilimshikia furushi hadi kwenye mlango wa basi. Akalipokea, akasema bila kuniangalia, "Safari hii usinisubiri."

"Utachelewa?"

"Sirudi. Kuna mtu huko. Nyumbani nilishindwa kukuambia."

Akageuka, akapanda. Nilisimama pale mpaka kondakta akaniuliza kama nasafiri.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda kazini. Mwenye karakana alikuwa anataka mchoro mpya, maana tembo na twiga kila mtu alikuwa anawachapa. Nikachukua kalamu ya wino nikamchora mwanamke kwa nyuma, furushi kichwani, anaelekea kwenye mlima uliomezwa nusu na ukungu. Mlima haukunisumbua. Ukungu ndio ulionitesa, kwa sababu kwenye kuchapa wino ama upo ama haupo. Ilibidi niutengeneze kwa nukta, za kubanana pale ulipo mzito, za kuachana pale unapopotea. Nilipiga nukta hadi vidole vikafa ganzi. Kazi ile ilinisaidia, kwani nisingeweza kulia, karatasi ingelowa.

Mwenye karakana aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Fundi, huyu anakwenda au anarudi?"

"Sijui, mama."

"Wewe uliyemchora usipojua, mteja atajuaje?"

"Anakwenda."

Akauchukua mchoro. Tulimchapa kwa wino wa kijivu kwenye fulana nyeusi, na wageni wakampenda kuliko tembo. Fulana zilikaushwa kwenye kamba ndani ya karakana. Kutwa nzima mke wangu alikuwa ananing'inia juu ya kichwa changu, safu kwa safu, kanipa mgongo.

Baada ya mavuno ya mahindi, mama mkwe wangu aliteremka kutoka kijijini kwake Oldonyo Sambu, kwenye njia ya Namanga. Hakuwa na kawaida ya kuja mjini. Alisimama mlangoni ameshika kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimepita nyumbani nimekuta kufuli. Mwenzako yuko wapi? Tangu masika sijamwona."

Uongo nilikuwa nao tayari, kwamba biashara imekua, hana nafasi. Lakini macho yake yalikuwa yameshapanda kwenye kamba. Alisogea akagusa bega la kushoto la yule mwanamke. Lilikuwa limeshuka. Binti yake alianguka kutoka juu ya punda akiwa mdogo, mfupa ukaunga vibaya. Mimi nilikuwa nimelichora vile bila hata kufikiri.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Anakwenda wapi?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza amesimama. Hakuniuliza nilimkosea nini. Aliuliza kitu kimoja tu: "Alipanda gari la asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

"Linapita mbele ya shamba langu. Siku zile nilikuwa napalilia kando ya barabara." Akakiweka kibuyu chini. "Basi aliniona."

Hapo ndipo nilipolia. Kwetu ni aibu kubwa mwanamume kulia mbele ya mama mkwe wake, naye kwa heshima akageukia ukutani mpaka nilipomaliza. Nikashusha fulana moja nikampa. Akaikataa.

"Nikionekana nayo watu wataniuliza, na mimi sina la kuwajibu. Mtaendelea kuzichapa?"

Kabla sijajibu, mwenye karakana akasema kutoka nyuma ya maboksi, "Hatuchapi tena, mama." Alikuwa amesikia kila neno. Akaniletea fremu ya kitambaa chepesi tuliyochapia ule mchoro, na ndoo ya maji. Nilikisugua kitambaa kwa dawa ya kufutia mpaka ukungu ukatoka, kisha mlima. Mwanamke alichelewa kutoka.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Oldonyo Sambu, sina uhakika kama bado nina haki ya kuingia pale. Mama mkwe alikuwa amesharudi kutoka kanisani. Alinimiminia chai, kisha akanionyesha banda la ndama lililoanza kulala upande mmoja. Nikavua koti, nikachimba mashimo ya nguzo mpya, yeye akawa ananishikia miti isiyumbe. Tulifanya kazi hadi jioni. Hatukumtaja mke wangu.