Mashapo ya Ubani

Siku moja naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Ulikuwa mwaka wa Uhuru. Nilikuwa nimerudi Mwanza kutoka shule ya sekondari, na kila jioni nikiandika kwenye daftari mambo yangu yote, kana kwamba nchi nzima inasubiri kuyasoma. Kemia nilikuwa naijua nusu, na nusu hiyo niliiona inatosha.

Jirani yetu Bi Mwasiti alikuwa anauza ubani sokoni. Wanunuzi wake walikuwa Waislamu wenye maulidi, na katekista mmoja wa ng'ambo ya ziwa, kwenye kivuko cha Kigongo, aliyeuchukua kwa ajili ya kanisa. Bibi mwenyewe alitania kwamba ubani hauna dini, una pua tu. Nilipomwomba punje chache nipime kilichomo ndani, alinijazia kiganja.

Nikausaga, nikauloweka kwenye chupa ya spiriti, nikatikisa. Spiriti ikawa rangi ya chai nyepesi, utomvu ukayeyuka. Lakini chini yakabaki mashapo meupe. Nikatikisa tena, wapi! Nikaandika daftarini: "Bi Mwasiti anachanganya unga."

Laiti ningeishia kuandika. Kesho yake katekista alipokuja kununua, nilimwonyesha ile chupa mbele ya watu. Akarudisha kifurushi, akaenda kuwahi pantoni ya kuvukia kwao. Wanawake wawili waliokuwa wanasubiri nao wakaondoka. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Mimi nilijikwaa vyote.

Bi Mwasiti hakufoka. Aliitikia shikamoo yangu kama kawaida, akaitazama chupa.

"Msomi, spiriti umeiuliza. Maji umeyauliza?"

Nilisema sikuona haja. Kwa kweli kwenye kitabu cha kemia niliruka ukurasa. Akanifanya nimwage spiriti, nianike mashapo juani hadi yakauke, ndipo akayatia kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Tukakaa. Mara tano nilitaka kuondoka. Taratibu yakalainika, yakayeyuka, maji yakawa mazito, yananata.

"Unga ungelala chini," akasema. "Hii ni gundi ya mti wenyewe. Kuna kinachotolewa na spiriti, kuna kinachotolewa na maji. Mti ni mmoja, mjukuu wangu."

Kwa aibu nikaufungua ukurasa wangu wa jana, nikauchana. Akaokota vipande, akachovya kidole kikombeni, akavibandika kwa gundi ileile niliyoiita unga.

"Usiuchane. Nenda kamsomee katekista."

Nilivuka, nikamsomea kosa langu na kumweleza maji yalivyojibu. Wiki iliyofuata alirudi kwa Bi Mwasiti. Lakini wale wanawake wawili sikuwapata. Hata majina sikuyajua. Labda walikufa wakiamini Bi Mwasiti ni mwongo, na hilo linaniuma mpaka leo, na mvi zote hizi.

Basi mwanangu, pima. Sikukatazi, nchi inahitaji wapimaji. Ila jibu la kwanza lisikupeleke sokoni. Kiulize kitu kwa njia ya pili, ukae ungoje, hata kama miguu inawasha. Na jibu likiwa linagusa jina la mtu, muulize kwanza mwenye jina.

Mungu akupe akili ya kuuliza mara mbili kabla ulimi haujasema mara moja. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie mtu wa kukubandikia ukurasa wako. Wangu bado umeshika.