Moteur Mbili mu Garage ya Laeken

Tonton yangu, ndugu ya mama, anasukumaka vitanda ya bagonjwa ku hôpital, kule Woluwe. Huit ans, miaka nane ya kusukuma. Njo maana siku alipata ile gari ya zamani ya Amerika, yenye capot ya mbele murefu kama meza ya karamu, alisema: "Sasa na mimi kitu itanibeba."

Gari ilitoka kwa papa mumoja muzungu wa Laeken. Alizaliwaka Bukavu, anaongea Swahili kunishinda, lakini masikio yake imechoka: unamuambia bonjour mara tatu. Alikuwa anaenda kuishi home ya bazee, donc alikuwa anagawanya vitu yake. Gari haikuwa na moteur. Mu garage yake mulikuwa mbili, zimekaa juu ya mbao: ya trois cent nonante-six, 396, na ya quatre cent cinquante-quatre, 454. Ile namba ni ukubwa ya tumbo ya moteur, vile Baamerika banahesabuka. Hata ile tulikuwa tunaita ndogo, moteur ya gari yako ingelala ndani yake na kugeuka.

"Muchague moja," papa akasema. "Ingine, muntu wa Liège anakuya kuikamata samedi."

Tonton alikuwa na kitu moja tu mu kichwa. Mutoto wake wa kike alikuwa anaolewa kisha juma tano, na tonton alimuahidi atamufikisha kanisa mu ile gari. Alisema vile mbele ya bakwe. Kitu umesema mbele ya bakwe, unaifanya, ao unahama commune.

Mimi njo fundi wa familia. Masomo niliachia ku sixième primaire, lakini moteur nilisomea Bukavu, chini ya malori, mafuta inanidondokea mu sikio. Papa akaingia kutafuta kahawa. Nikakamata barre, nikazungusha ile chuma yenye inatembeza pistons. Ndogo ikazunguka laini, kama muntu anageuka mu usingizi. Kubwa, nikavuta. Nikaweka muguu ku ukuta, nikavuta tena. Suruali ikapasuka. Moteur, hata kidogo.

"Tonton, hii ya kubwa imekufa. Maji iliingia. Tukamate ndogo."

Akacheka.

"Imekufa! Kama vile ulisemaka frigo yangu iko na mimba?"

"Tonton, leo sicheki."

"Njo vile unaanzaka. Maman-mukwe yangu ulimuambia ascenseur ya Matonge inaombaka visa. Alipanda na miguu, étage ya sita!"

Ile nilisemaka, sikatae.

Papa akarudia na kahawa. Akaweka mukono juu ya ile kubwa, polepole, kama juu ya kichwa ya mutoto.

"Hii. Ya kubwa kwa mukubwa. Niliizima mimi mwenyewe, ilikuwa inaimba."

Macho yake ilikuwa na maji. Nikaangalia tonton, tonton akaangalia suruali yangu. Nafikiri pale njo alijua. Lakini kwetu, muzee akikupatia kitu, unapokea na mikono mbili. Hauipime mbele yake. Hauseme nipatie ile ingine. Nikajaribu tu:

"Papa, hii ndogo inazunguka muzuri…"

"Eeh?"

"NDOGO INAZUNGUKA!"

"Ndogo? Kijana, ndogo ni ya babibi!"

Tonton akanikanyaga muguu. Kisha akainama, mikono mbili mbele, kwa kitu ya trois cents kilos: "Aksanti sana, papa."

Samedi, ndogo ikaenda Liège. Dimanche tukafungua kubwa. Kutu nyekundu mupaka chini, pistons imeshikamana na silinda.

"Ndoa ya kikatoliki," nikasema. Tonton hakucheka.

"Kuitengeneza, wakati gani?"

"Atelier inaomba miezi tatu."

Akaikala juu ya pneu. Akasema:

"Sema tena, lakini sema kama unacheka."

Nikajaribu. Haikutoka.

Siku ya ndoa, camion ilishusha gari ku coin ya barabara ya kanisa, na ile moteur ya kufa ndani. Mimi ku volant, bibi-arusi nyuma, banaume ya chorale banasukuma. Mu kioo ya rétroviseur niliona tonton katikati yao, na costume yake mupya, mugongo umepindika vile anapindikaka ku kazi.

Papa muzungu alikuwa ku mulango ya kanisa, macho ku capot tu. Akakuya na fimbo yake, akagusa capot.

"Munasikia? Kimya kabisa. Na haina hata moto! Nilisema nini?"

Tonton akapanguza jasho, akanyoosha mikono mbili. "Aksanti, papa."

Chorale yote ikaniangalia, inangojea niseme kitu ya kuchekesha.

Nikavuta frein ya mukono.